Kozi ipi italipa? Ulinganisho kwa anayetoka kidato cha sita Tanzania

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na dirisha la udahili wa vyuo vikuu hufuata muda mfupi baadaye. Ndani ya wiki chache hizo kijana wa miaka 19 au 20 anaamua jambo litakalogusa kipato chake kwa miaka thelathini mbele. Wengi huingia na swali moja tu: kozi gani ina mshahara mkubwa? Sioni ubaya wa swali hilo. Anayewaambia vijana wasifikirie fedha mara nyingi ni mtu ambaye nyumbani kwake hakuna wadogo wanaosubiri kaka au dada amalize chuo ili naye awasomeshe.

Shida ni kwamba mshahara unaotajwa vijiweni ni wa mtu aliyekwisha kuajiriwa. Hausemi alikaa mtaani miaka mingapi kabla ya kuupata, wala haumtaji mwenzake mwenye cheti kama chake ambaye bado anasubiri. Ndiyo maana hapa napima kozi kwa mambo manne. Inachukua miaka mingapi mpaka shilingi ya kwanza? Baada ya shahada unadaiwa karatasi gani nyingine? Serikali isipoajiri, nani mwingine atakulipa kwa ujuzi huo huo? Na foleni mlangoni ina watu wangapi? Kwangu swali la tatu lina uzito kuliko mengine yote, pamoja na mshahara wenyewe.

| Kozi | Miaka chuoni | Kinachofuata baada ya shahada | Mlipaji nje ya serikali |
|---|---|---|---|
| Udaktari | 5 | Utarajali (mafunzo ya kazi baada ya chuo) mwaka 1, usajili, baadaye ubingwa | Hospitali za dini na binafsi, miradi ya afya |
| Famasi | 4 | Utarajali mwaka 1, usajili | Maduka ya dawa, waagizaji, viwanda |
| Uhandisi umeme | 4 | Usajili wa Bodi ya Wahandisi (ERB) | Migodi, viwanda, minara ya simu, wateja binafsi |
| Kompyuta | 3 au 4 | Hakuna cha lazima, kazi zako ndizo cheti | Benki, kampuni za simu, wateja wa nje |
| Uhasibu | 3 | CPA (cheti cha mhasibu mtaalamu) | Karibu kila kampuni na shirika |
| Sheria | 3 au 4 | Shule ya Sheria | Ofisi za mawakili, benki, mashirika |
| Ualimu | 3 | Hakuna mitihani mirefu kama ya CPA | Shule binafsi, tuisheni |

Mshahara na kusubiri

Viwango vya serikali ndivyo rahisi kulinganisha kwa sababu vinajulikana. Katika viwango vilivyoanza 2015 na kudumu mpaka nyongeza ya 2022, mwalimu mwenye shahada alianza na shilingi 716,000 kwa mwezi (TGTS D; herufi hizi ni majina ya ngazi za mishahara serikalini). Ofisa wa kawaida mwenye shahada alianza na 710,000 (TGS D), mhandisi 940,000 (TGS E), na daktari aliyemaliza utarajali 1,480,000 (TGHS E). Tangu hapo namba zimepanda: kima cha chini cha mtumishi wa umma kilifika 370,000 mwaka 2022, na kikawa 500,000 kuanzia Julai 2025. Natumia namba za zamani kwa sababu zinaonyesha vizuri nani yuko wapi akilinganishwa na mwenzake.

Chukua vijana wawili waliomaliza shule mwaka mmoja. Mmoja anasoma uhasibu miaka 3. Mwenzake anasoma udaktari miaka 5 na kufanya utarajali mwaka 1. Tuseme kila mmoja anaajiriwa siku anayomaliza. Daktari anapoanza kazi, mwenzake amekwisha kupokea mishahara ya miaka 3, ambayo kwa kiwango cha 710,000 ni shilingi 25,560,000. Tofauti ya mishahara yao ni 770,000 kwa mwezi, sawa na 9,240,000 kwa mwaka. Daktari anamfikia kabla mwaka wa tatu wa kazi haujaisha, na hapo sijahesabu posho ya utarajali. Anayeogopa udaktari kwa sababu tu ni mrefu, hesabu haimuungi mkono.

Sasa weka kusubiri katika hesabu hiyo. Kila mwaka ambao mwalimu mwenye shahada anakaa bila ajira unampotezea shilingi 8,592,000 kwa kiwango kile cha 716,000. Akikaa miaka minne, amepoteza zaidi ya milioni 34. Pengo kati ya ngazi mbili za mshahara ni dogo likiwekwa kando ya hasara hiyo.

Foleni zenyewe tumeziona. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilitangaza nafasi 1,596, wakaomba watu 135,027. Hao ni kama watu 85 kwa kila kiti. Upande wa walimu, kwa nafasi 14,648 waliomba 201,707, yaani kama 14 kwa kila kiti. Watu husema ualimu umejaa, na ni kweli umejaa. Ila ofisi yenye kiyoyozi ambayo kila mwenye shahada ya biashara, uchumi au utawala anaitamani imejaa mara sita zaidi. Foleni haiangalii heshima ya kozi. Inafuata idadi ya watu ambao cheti chao kinawaruhusu kuomba nafasi ileile.

Ukitoka na PCB (fizikia, kemia, biolojia): udaktari, famasi au uuguzi

Kijana wa PCB mwenye alama nzuri hukuta ukoo mzima umekwisha kumwita daktari kabla hajajaza fomu. Udaktari una sifa moja inayostahili kuthaminiwa: mtu ambaye hakusoma hawezi kuja kuomba kazi yako. Baraza la Madaktari linasajili waliotimiza masharti tu, kwa hiyo mlango wa taaluma ni mwembamba.

Lakini mlango mwembamba hauhakikishi ajira. Machi 2017, wakati madaktari wa Kenya wametoka kwenye mgomo mrefu, Tanzania ilikubali kupeleka madaktari 500 kule. Mahakama ya Kenya ikazuia. Mwezi uliofuata Rais Magufuli akaagiza 258 waliokuwa wameomba kazi hiyo waajiriwe nyumbani. Tafakari maana yake: katika nchi ambayo wilaya zilikuwa zinalia kwa uhaba wa madaktari, mamia ya madaktari walikuwa huru kuondoka kwa tangazo moja. Wagonjwa walikuwepo na madaktari walikuwepo. Kilichokosekana ni fungu la mishahara katika bajeti. Kila mara utakapoambiwa "fani hii ina uhitaji mkubwa nchini", uliza pia nani ana fedha ya kulipia uhitaji huo.

Jambo la pili kuhusu udaktari ni kwamba kipato kikubwa kinachosimuliwa ni cha daktari bingwa. Baada ya miaka 6 ya kwanza, ubingwa (MMed) huchukua miaka 3 au zaidi, na kabla yake wengi hufanya kazi kwanza. Mtu anayeingia leo ajione bingwa akiwa na miaka 32 au 34. Huko mbele anaweza kulipwa na hospitali ya serikali asubuhi na kliniki binafsi jioni. Kabla ya hapo yeye ni mtumishi mwenye mshahara mzuri na zamu nyingi za usiku.

Miradi ya wafadhili, hasa ya VVU, kwa miaka mingi ililipa watu wa afya vizuri kuliko serikali, na wako walioacha utumishi wa umma kuifuata. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kazi nyingi za namna hiyo zilisimama ghafla. Mshahara wa mradi uuchukue ukiupata, ila usichague kozi kwa ajili yake.

Famasi, kwa maoni yangu, ndiyo kozi inayodharauliwa bila sababu. Ni miaka 4 na mwaka 1 wa utarajali, hivyo unaanza kulipwa mapema kuliko daktari. Sheria inataka famasi ya rejareja iwe chini ya mfamasia aliyesajiliwa. Kwa hiyo kila mfanyabiashara anayefungua famasi Kariakoo, Mwanza au Mbeya lazima atafute mtu mwenye karatasi yako, na hata ukiwa hujaajiriwa popote una kitu cha kuuza. Juu ya hapo wapo waagizaji na wasambazaji wa dawa, viwanda, Bohari ya Dawa (MSD) na TMDA, mamlaka inayodhibiti dawa. Na ukiweka akiba, unaweza kufungua famasi yako. Daktari anayetaka kufungua hospitali anahitaji mtaji mkubwa mno kuliko mfamasia anayetaka kufungua duka la dawa.

Uuguzi wa shahada unalipa chini ya hizo mbili mwanzoni, ila una wigo mpana: hospitali ndogo kabisa ambayo haina uwezo wa kuweka daktari wa pili bado inahitaji wauguzi. Pia ni kazi ya afya ambayo watu wetu huvuka nayo mipaka, kwa mwenye Kiingereza kizuri na subira ya mitihani ya usajili ya nchi anayokwenda.

Mimi ningepanga hivi. Mwenye alama za udaktari, mkopo au ufadhili, na moyo wa kazi yenyewe, asome udaktari bila kusita. Mwenye alama hizo ambaye nafasi pekee aliyopata ni chuo binafsi bila mkopo, nitamwambia afikirie famasi katika chuo cha umma kwa uzito uleule.

Ukitoka na PCM (fizikia, kemia, hisabati): umeme, ujenzi, kompyuta, na kozi za msimu

Kuanzia 2010 gesi nyingi iligunduliwa katika kina kirefu cha bahari kusini mwa Tanzania. Magazeti yakajaa Mtwara na Lindi, na vyuo vikuu, vya Dar es Salaam (UDSM) na Dodoma (UDOM) miongoni mwao, vikafungua shahada za jiolojia ya petroli na uhandisi wa petroli. Vijana wenye alama za juu kabisa wakaenda huko, na wazazi wakaona wamepata. Nusu ya pili ya 2014 bei ya mafuta duniani ikaporomoka, kampuni zikapunguza matumizi, na mtambo mkubwa wa kusindika gesi Lindi ukabaki katika mazungumzo mwaka hadi mwaka. Waliomaliza miaka iliyofuata walishika cheti chenye jina la tasnia ambayo ilikuwa bado haijaanza kuajiri.

Somo ninalochukua hapo ni la kiufundi. Shahada yenye jina la bidhaa moja inakufunga kwenye bei ya bidhaa hiyo. Aliyesoma uhandisi mitambo au umeme angeweza kuingia kwenye gesi ingekuja, na isipokuja akaenda mgodi wa Geita, kiwanda cha saruji au TANESCO. Leo kozi za namna hiyo zina majina mengine mapya. Ukiipenda fani ya nishati jadidifu au akili bandia, soma msingi mpana kwanza, ubobezi utauweka juu yake katika shahada ya pili au kazini.

Ujenzi na umeme hulinganishwa sana. Wote miaka 4, wote husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), na mhitimu hupitia miaka 3 ya mafunzo kazini chini ya mpango wa SEAP ili awe mhandisi mtaalamu. Tofauti ipo kwenye mlipaji. Mhandisi ujenzi wa Tanzania, hata akiwa kampuni binafsi, mara nyingi analipwa na serikali kwa mlango wa nyuma: mteja mkubwa wa barabara, madaraja na majengo ni serikali yenyewe. Serikali ikichelewesha malipo kwa mkandarasi, mkandarasi anachelewesha mishahara. Kuna raha yake pia, kwa kuwa anaweza kusajili kampuni Bodi ya Makandarasi (CRB), akaanza daraja la saba na kupanda kuelekea la kwanza. Waliotajirika kwa uhandisi nchini wengi wamepita huko. Ni njia ya mtu anayevumilia madeni na zabuni.

Umeme una walipaji waliotawanyika zaidi. Umeme ukikatika kwenye mgodi, kiwanda au mnara wa simu, kila saa ni hasara, hivyo fedha ya kumlipa anayejua ipo. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limeongeza umeme, na umeme huo unahitaji njia za kusafirisha, vituo vya kupozea na watu wa kuvitunza. Mwenye leseni ya kazi za umeme kutoka EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, anaweza kufanya usukaji wa nyaya majumbani hata kabla hajaajiriwa. Nikiulizwa kati ya hizo mbili kwa kijana asiye na mtaji wala jina, nasema umeme.

Kompyuta ni jambo la aina yake. Hakuna bodi inayokufungia mlango, na kwa hiyo hakuna bodi inayokulinda: aliyejifunza mwenyewe kwa miaka miwili na kuonyesha mfumo alioujenga atakushinda wewe mwenye shahada ambaye huna cha kuonyesha. Tofauti ya kipato kati ya wahitimu wa darasa moja ni kubwa kuliko kozi yoyote ninayoijua. Mmoja anaandika programu za kampuni ya nje na kulipwa kwa dola akiwa Kijitonyama, mwingine anatengeneza printa na kuchapa barua. Aidha, zana za akili bandia sasa zinafanya kazi nyingi ndogo ambazo zamani walipewa wanaoanza. Nawashauri kompyuta wale tu ambao tayari wanaifanya bila kuambiwa. Kama mpaka kidato cha sita hujawahi kuandika hata programu moja kwa hiari yako, na unaichagua kwa sababu umesikia ina hela, chukua umeme ujifunze kuandika programu pembeni.

EGM, ECA, HGE (kombi zenye uchumi): uhasibu au uchumi

Hapa sitachukua muda mrefu, maana jibu linategemea karatasi moja inayoitwa CPA.

Matangazo ya ajira serikalini hutofautisha watu wawili ambao mtaani wote huitwa wahasibu. Ofisa hesabu daraja la pili anahitaji shahada. Mhasibu daraja la pili anahitaji shahada pamoja na CPA ya NBAA, bodi ya wahasibu. Wa kwanza amekuwa TGS D, wa pili TGS E. Kwa viwango vile vya 2015 hiyo ni tofauti ya 230,000 kila mwezi, tangu siku ya kwanza, kwa mitihani ambayo mtu anaweza kuifanya akiwa bado mtaani anatafuta kazi. Kampuni binafsi nazo zinachuja hivyohivyo, na ukaguzi wa hesabu haufanywi na mtu asiyesajiliwa. Mwenye shahada ya uhasibu asiye na CPA yuko kwenye foleni ya wale 135,027. Mwenye CPA amehamia foleni fupi.

Uchumi ni kozi nzuri ya akili na unafungua milango ya Benki Kuu, wizara ya fedha, utafiti na benki za biashara. Lakini haina karatasi ya pili inayokutenga na wengine. Mchumi hujitenga kwa shahada ya uzamili na kwa kujua takwimu kwelikweli, kwa maana ya kukaa na data chafu na kutoa jibu. Kwa anayehitaji kipato mapema, uhasibu na CPA ndiyo njia salama zaidi niionayo katika kombi hizi. Utawala wa biashara na rasilimali watu kama shahada ya kwanza ningeviepuka, isipokuwa kwa mtu ambaye biashara anayo tayari nyumbani. Mwenye hesabu kali sana aangalie shahada ya sayansi ya makadirio ya bima, ile ya maaktuari: wanaoiweza ni wachache, na bima na mifuko ya pensheni haina budi kuwa nao.

HGL, HKL (historia, jiografia na lugha): sheria au ualimu

Sheria inavutia kwa joho na kwa ufasaha, na wazazi huipenda karibu kama udaktari. Gharama yake iliyofichika ni Shule ya Sheria (Law School of Tanzania), ambayo lazima uipite ili uwe wakili. Oktoba 2022 matokeo yake yalitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia mitihani, na 265 walidisko, yaani waliondolewa masomoni. Serikali iliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kilichotokea. Yawe makosa ya shule, ya vyuo au ya wanafunzi, kwa anayechagua kozi maana ni ileile: shahada ya sheria peke yake ni nusu ya safari, na nusu ya pili inaweza kukuzuia.

Na ukivuka, wakili mpya hulipwa kidogo. Ofisi ya uwakili inalipa kulingana na wateja unaoleta, na wateja huja kwa jina, ambalo hujengwa kwa miaka. Anayetoka familia yenye uwezo wa kumbeba miaka mitano ya mwanzo atafika mbali. Anayetakiwa kutuma fedha nyumbani mara tu baada ya kuhitimu ataumia, hata akiwa hodari kuliko mwenzake. Nasema hivi kwa huzuni, maana sheria inawahitaji sana watoto wa wakulima, ila ni heri mtu aingie akijua.

Ualimu ni kinyume chake. Miaka 3, hakuna mitihani mirefu ya taaluma kama CPA, na mshahara ukishaanza unakuja kila mwezi mpaka ustaafu. Tatizo lake lote ni foleni, na foleni ya walimu si moja. Mwalimu wa historia na jiografia anashindana na maelfu. Mwalimu wa fizikia na hisabati amekuwa akipewa kipaumbele karibu kila tangazo, na shule binafsi zinamgombania. Mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta mkondo wa amali (ufundi na stadi za kazi) na somo la Biashara sekondari, na hapo walimu wakaanza kutafutwa katika masomo ambayo miaka michache nyuma hayakuwa na nafasi. Kwa hiyo anayetaka ualimu asiulize "niwe mwalimu?" tu, aulize mwalimu wa somo gani.

Kwa wa HKL, Kiswahili na Kiingereza vikishikwa vyote viwili kwa ustadi vina soko la tafsiri na ukalimani, hasa tangu Umoja wa Afrika ulipokipokea Kiswahili kuwa moja ya lugha zake za kazi mwaka 2022. Soko hilo ni dogo na linalipa kwa kazi, si kwa mwezi. Liwe la pembeni kwanza.

Mkopo na makato

Mkopo wa Bodi (HESLB) ni baraka. Bila huo wengi tusingefika chuo. Lakini ni deni, na linagusa ulinganisho kwa namna ambayo wengi hawaioni. Bumu la chakula na malazi limekuwa 10,000 kwa siku tangu 2022/2023. Kwa siku kama 240 za mwaka wa masomo, hiyo peke yake ni milioni 2.4. Mwanafunzi wa ualimu kwa miaka 3 anadaiwa milioni 7.2 za bumu, wa udaktari kwa miaka 5 anadaiwa milioni 12, kabla ya ada na vitabu.

Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara. Kwa viwango vile vya 2015, mwalimu angekatwa 107,400 kwa mwezi na daktari 222,000. Ukigawa, mwalimu anamaliza bumu lake kwa miezi 67, daktari kwa miezi 54 au 55. Mwenye deni dogo analipa kwa muda mrefu zaidi. Afadhali sasa deni halikui kama zamani, kwa kuwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliondolewa 2021.

Na makato hayaishii hapo. Mtumishi wa umma mwenye mshahara wa 1,000,000 hukatwa 50,000 za mfuko wa pensheni (PSSSF), 115,500 za kodi, 30,000 za bima ya afya na 150,000 za Bodi. Kinachobaki mkononi ni 654,500. Mdogo wangu, ukiambiwa "analipwa milioni", kumbuka mkononi ni kama theluthi mbili.

Hali ngumu kuliko zote ni ya aliyechaguliwa chuo binafsi kwa kozi ya ada kubwa, naye hajui kama mkopo utatoka. Orodha za mikopo hutoka kwa awamu, na mara nyingi wakati mtu amekwisha kuthibitisha chuo. Familia huuza shamba kulipa mwaka wa kwanza ikitumaini mkopo utakuja mwaka wa pili, na usipokuja, mtoto anarudi nyumbani bila shahada na bila shamba. Kwa hiyo kabla ya kuthibitisha, kaeni na baba na mama mwandike ada ya miaka yote, si ya mwaka wa kwanza, mkichukulia kwamba mkopo haupo. Aliyefaulu kwa alama za juu sana katika kombi za sayansi aangalie ufadhili wa serikali wa Samia Scholarship, ulioanza 2022/2023, kabla ya Bodi. Na kama hesabu ya miaka yote haitoshi, thibitisha ile kozi ya chuo cha umma iliyokuwa ya pili kwenye orodha yako, maana shahada ya famasi au umeme iliyomalizika inalipa, na udaktari ulioishia mwaka wa pili haulipi chochote.